Sauti Yenye Mafua

Hakuna mtu mjini Monywa aliyekuwa na magazeti ya serikali mengi kama Daw Ohn Kyi, muuza tambuu wa stendi ya mabasi. Si kwamba aliyaamini. Aliyanunua kwa kilo yakiwa yamezeeka, akafungia tambuu. Alikuwa akisema hayafai kwa lingine, kwani hata mbuzi wa mtaa aliwahi kuonja ukurasa mmoja akautema.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wunna, mwalimu. Wanajeshi walipotwaa nchi, Wunna aligoma, kisha akavuka mpaka kwenda Thailand. Baada ya miezi minane sauti yake ikarudi nyumbani kupitia redio ya nje, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akisoma habari kwa jina la kubandika. Jina lilikuwa la uongo, lakini sauti haina pa kujificha. Kila asubuhi mama alijifunika blanketi gubigubi na redio yake. Mumewe, U Sein Bo, aliyepooza upande mmoja, humuuliza kitandani mtoto amesema nini leo. Mama hakujua. Yeye hakuwa akisikiliza habari.

"Amesoma vizuri," humjibu. "Ana mafua kidogo."

Mafua yale wengine nao waliyasikia. Mwenyekiti wa mtaa akaja kibandani, akatafuna tambuu, akatema mate mekundu, akatazama huku na huku.

"Dada, ile sauti watu wanaifahamu. Wakubwa wakija kuifunga nyumba yako, mgonjwa utamlaza wapi? Wenzako wamemaliza kwa tangazo dogo tu gazetini."

Tangazo hilo kila mtu alilijua. Mzazi anamkana mwanawe mbele ya taifa zima, na wakubwa wanapita mlango wake bila kubisha. Kesho yake Daw Ohn Kyi akaenda kwa kijana anayeandikia watu matangazo.

"Weka kwamba ni mtoto mzuri," alimwambia.

Kijana akaacha kuandika. "Shangazi, mtoto mzuri hakanwi."

"Basi weka kwamba mama yake analia."

"Maneno ni yaleyale kwa wote, shangazi. Mimi nabadilisha majina tu."

Tangazo likatoka kwamba Wunna amewaasi wazazi wake mara nyingi, na tangu leo si mtoto wao. Nyumba ikapona. Ila kuna jambo mama hakulifikiria. Ni nani hasa hulisoma gazeti lile mpaka mstari wa mwisho? Si watu wa Monywa. Ni watu wa redio ya nje, maana kwao ni kazi. Alhamisi Wunna akatangaza kwamba wiki hiyo wazazi sitini na wawili wamewakana watoto wao, kisha akaenda kwenye bei ya mafuta.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza mama aliyoielewa. Je, amelisoma jina? Anajua kwamba ni karatasi tu? Hapakuwa na njia ya kumwambia. Simu zilipekuliwa vizuizini, na namba ya mtoto uliyemkana ni kesi mpya.

"Ana mafua?" mumewe akauliza.

"Hana."

Tangu siku hiyo sauti ikawa imenyooka kama shati la pasi. Mama aliitafuta mikunjo kila asubuhi, asiione.

Msimu wa baridi U Sein Bo akafa. Desturi ni msiba utangazwe gazetini, mke na watoto watajwe. Mama akarudi kwa kijana yuleyule. Alipoulizwa watoto, akasema mmoja. Kijana akainamisha kichwa.

"Shangazi, mlishamkana. Nikimwandika, tutafungwa wote wawili."

Kwa hiyo U Sein Bo akaiaga dunia gazetini kama mtu ambaye hakuzaa. Msibani wanaume walicheza karata kama ilivyo ada, na wifi yake akanong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, kwamba kaka yake amezikwa kama mgumba. Daw Ohn Kyi alichemsha chai.

Asubuhi iliyofuata tangazo hilo, redioni alisoma mwanamke. Kesho yake mwanamke. Kesho kutwa pia. Mama akawaza: amefukuzwa. Kisha akawaza: ametutema.

Siku ya saba ya msiba watawa wakaja kulishwa, ili roho ya marehemu, inayozungukazunguka nyumbani siku zote hizo, ipewe ruhusa ya kwenda. Mama akamimina maji tone kwa tone, akimwombea mumewe safari njema.

Siku ya nane, saa kumi na mbili na nusu, likatajwa lile jina la kubandika. Wunna akasoma vijiji vilivyochomwa, akasoma bei ya mchele. Alikuwa amekauka koo. Mama akahesabu siku kwa vidole, akahesabu tena. Watawa walikula jana. Kumbe kule ng'ambo nako matanga yalikuwa yamekaliwa, na yameanuliwa siku ileile.

Akalitupa blanketi. Akageukia kitanda kitupu.

"Ana mafua," akasema.