Msumari wa Tatu

Nyuma ya mlango wa chumba cha kukandia, kwenye bekari ile, kulikuwa na misumari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa koti la Fundi Mkuu. Wa pili ulikuwa wa aproni za wanawake wanaokanda. Wa tatu ndio uliomchosha Mama Hamira roho kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke akiingia kwenye siku zake, alitakiwa avue aproni yake nyeupe, aitundike kwenye msumari huo, kisha aende chumba cha kufungashia akafunge mikate kwenye karatasi mpaka siku ziishe. Eti akigusa unga, unga hauumuki.

Neno lenyewe halikutamkwa hata mara moja, maana lilikuwa neno la aibu. Lakini aproni ilining'inia pale siku nne, siku tano, na kila aliyepita, kuanzia mleta kuni hadi dereva wa gari la mikate, aliitazama akajua nani yuko katika hali gani. "Fulani yuko msumarini," walisema, wakacheka chinichini, kazi ikaendelea. Siri gani hiyo inayotundikwa mlangoni? Mama Hamira alijiuliza swali hilo kila asubuhi, na kila asubuhi alikosa wa kumuuliza.

Jina lake hilo alipewa na bekari. Ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la hamira, na alikuwa na pua ya kunusa kopo akakwambia hamira hii ni nzima au imekufa. Kuhusu msumari hakuwahi kugombana na mtu. Alikuwa na watoto wanne wa kusomesha na mume aliyetangulia mbele ya haki mapema, kwa hiyo mdomo aliufunga. Alichofanya ni kudanganya. Kila mwezi aproni yake ilikwenda msumari wa tatu bila kukosa, ila kwa tarehe alizojipangia mwenyewe: mgongo ukimuuma, miguu ikimvimba, siku anayotaka kukaa kitako. Siku zake za kweli alikanda kama kawaida, tumbo likimkata, na mikate iliumuka ikajaa trei.

Miaka ya mwanzo alikuwa akicheka peke yake njiani. Baadaye kicheko kiliisha, ikabaki kero tupu. Maana hebu fikiria, mtu mzima na akili zake, unasimama unasikia wanaume wakisifu ulaini wa mkate na kuushukuru msumari.

Kero iligeuka balaa pale binti yake, kitinda mimba, alipoajiriwa palepale. Wiki ya kwanza tu walimpachika jina la Wakili, kwa jinsi asivyoacha neno lipite bila kulijibu. Aliposomewa sheria ya msumari aliuliza nani ameipima. Hakuna aliyeipima. Akasema basi yeye hatundiki kitu. Mama yake alimsihi nyumbani usiku na mchana afanye kama yeye, atundike tarehe yoyote, wakubwa waridhike, maisha yaende.

"Kwa hiyo mama unataka nirithi uongo wako?" Wakili alimuuliza.

Walinuniana siku mbili nzima. Mama Hamira alipiga sufuria kwa nguvu, akafunga milango kwa kishindo, akajisemea kwamba kuzaa mtoto mwenye akili ni mtihani. 

Miezi mitatu ikapita, aproni ya Wakili haijaonja msumari. Minong'ono ikaanza kwamba ana mimba.

Asubuhi moja, kama saa mbili hivi, Bosi Mdogo alimwita Mama Hamira ofisini juu, akamweka mlangoni zaidi ya saa nzima kabla ya kumfungulia. Bosi Mdogo alikuwa na miaka hamsini na kitambi chake, lakini Bosi mwenyewe alikuwa baba yake, marehemu, aliyepigilia ile misumari kwa mkono wake, na jina halikumwachia mwana nafasi ya kukua. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamweleza kwamba Fundi Mkuu anastaafu mwisho wa wiki, na kwamba yeye, Mama Hamira, ndiye atakayeshika nafasi yake. Angekuwa mwanamke wa kwanza. Kisha akaanza kuhangaika na kalamu yake, akatazama dirishani, akasema kwamba zamani isingewezekana, unaelewa mama, unga hauwezi kukaa bila mwenyewe siku nne kila mwezi, lakini sasa kwa umri wako, mambo yenu yale, nadhani yameshapita.

Hayakuwa yamepita. Yalikuwa yakienda na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga, na asubuhi ileile, baada ya miezi miwili ya kimya, yalikuwa yamerudi. Mama Hamira alitazama kiti alichokalia. Kazi ile aliitaka tangu mwaka wake wa tatu pale, na alijua hakuna mtu chini ya paa lile anayeujua unga kuliko yeye.

"Ahsante bosi," akasema, akaondoka.

Aliposhuka ngazi alikuta watu wamesimama. Unga uliokandwa asubuhi ulikuwa umelala kwenye mabeseni matatu, hakuna hata dalili ya povu. Hiyo ilikuwa mikate ya hospitali, inayotakiwa kabla ya jioni. Fundi Mkuu alikuwa ameshapata jawabu lake. Alisema waulize huyo Wakili, miezi mitatu aproni yake haijaona msumari. Bosi Mdogo, aliyekuwa ameshuka nyuma ya Mama Hamira, alimgeukia yule msichana, akamuuliza kama yuko, yaani, kama leo yuko.

"Niko kwenye hedhi, ndiyo," Wakili akasema. "Ni siku ya tatu leo. Juzi nilikanda na jana nilikanda. Mikate ya jana mbona mmeiuza?"

Ungedhani amevua nguo. Mleta kuni alitoka nje. Bosi Mdogo akapandwa na hasira za mtu aliyeona haya, na bila kujibu swali, ambalo kwa kweli lilikuwa na jibu moja tu, akamwambia akusanye vitu vyake aende, bekari ya baba yake haitakufa kwa kiburi cha mtoto.

Mama Hamira hakumtazama binti yake. Alitazama ndoo. Ilikuwa chini ya meza ya kukandia, nusu imejaa maji aliyoyateka Fundi kwa mkando wa pili, na juu yake mvuke ulikuwa bado unapanda. Alijua papo hapo. Kwa miaka miwili, kila asubuhi kabla Fundi hajamimina maji, alikuwa akipita karibu na ndoo kama anayeokota kitu, anachovya kiwiko, na yakiwa ya moto sana anaongeza ya baridi. Fundi alikuwa ameshika trei za moto miaka arobaini, na viganja vyake vimekuwa vigumu kama soli, havisikii tena. Wala hawakuwahi kulizungumza. Leo yeye alikuwa juu, kwenye kiti, akipewa cheo, na hamira imeunguzwa.

Akajua na jambo la pili, ambalo alikuwa akilijua siku zote. Miaka minane iliyopita unga ulilala vivyo hivyo, na aliyefukuzwa aliitwa Kidoti, mama kijana mpole wa mtaa wa nyuma, ambaye siku zake zilimjia katikati ya kazi akachelewa kutundika. Hamira ya siku ile ilikufa kwa sababu kopo liliachwa wazi usiku wa mvua. Aliyeliacha wazi ni mwenye ufunguo. Mama Hamira alinyamaza, Kidoti akaenda zake akilia. Msumari ule ulimfaa kila mwenye kosa lake, na yeye aliyeulaani kila asubuhi aliutumia kuliko wote.

Alisimama pale, na ni aibu kulisema, alipiga hesabu. Akinyamaza anapata kazi. Binti ni kijana, atapata kibarua pengine. Na Jumatatu, akishakuwa mkuu, labda ataung'oa msumari kimyakimya. Labda. Wakili alikuwa anakunja aproni yake taratibu, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa na mama yake, na alikuwa anamtazama.

"Bosi, tia mkono kwenye ndoo hiyo," Mama Hamira akasema.

Bosi Mdogo hakuelewa. Mama Hamira akaivuta ndoo mpaka miguuni pa bosi, akarudia, atie mkono. Bosi Mdogo akachovya kidole, akakitia haraka mdomoni kama mtoto. Fundi Mkuu alikuwa amesimama kando. Polepole, bila kuambiwa, mzee akainama akatia kiganja chake chote majini, akakiacha humo, uso wake haukubadilika.

"Sisikii tena, bosi," Fundi akasema. "Mwaka wa pili huu. Dada huyu ndiye amekuwa akinipimia. Nilimsingizia mtoto wa watu."

Yangeishia hapo, mtu angesema haki imetendeka. Lakini Bosi Mdogo alifuta kidole chake, akasema sawa, leo ni maji, ila sheria ya marehemu iko palepale, na Wakili atundike aproni yake yaishe. Hapo Mama Hamira alihisi kitu kikimkatika kifuani, kama uzi uliovutwa miaka kumi na tisa.

Akamwambia kila kitu. Kwamba tarehe zake zote msumarini ni za uongo, hata moja si ya kweli. Kwamba mwaka waliopata zawadi ya mkate bora, alikanda akiwa na kitambaa cha maji moto tumboni. Kwamba mikate ya harusi ya Bosi Mdogo mwenyewe, ile aliyorudi kuomba mingine, ilikandwa na yeye siku ya pili, siku mbaya kuliko zote. Alisema neno hedhi mara nyingi kuliko lilivyopata kusemwa katika jengo lile, na kila alipolisema lilipungua uzito, mpaka likawa neno tu, kama unga au chumvi.

Bosi Mdogo alisogea karibu, akashusha sauti. "Lakini mama, sasa si yameshapita?"

"Leo ni siku ya kwanza," Mama Hamira akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye tanuri. "Nipishe nikande, hospitali wanasubiri."

Akakanda. Bosi Mdogo alisimama saa nzima na ushee, macho kwenye saa ya mkono, kana kwamba unga unaweza kumdanganya. Uliumuka. Ulipanda ukainua kitambaa. Aliutazama, akatazama sakafu, akasema utaanza Jumatatu mama, akapanda ngazi. Hakuomba radhi, na ukimngoja mtu kama yule aombe radhi utazeeka. Wakili akaivaa tena aproni yake, na mwavuli wake akautundika msumari wa tatu.

Jioni walipotoka, binti alikuwa na furaha ya kuchekacheka. Mama Hamira alikuwa na mkate mmoja wa moto kwapani. Alimwambia atangulie nyumbani, akakata kona kuelekea mtaa wa nyuma, kwenye nyumba aliyokuwa akiikwepa kwa miaka minane.

Kidoti alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, na binti yake wa miaka kumi na miwili au mitatu alichungulia nyuma yake. Kidoti alifurahi kumwona, na hilo ndilo lililouma. Alimwita dada, akataka kumpa kiti. Mama Hamira alikataa kukaa. Alisema akiwa amesimama kizingitini, upesi, kabla ujasiri haujamwisha: kwamba unga wa siku ile hakuuharibu Kidoti, kopo la hamira liliachwa wazi, na aliyeliacha wazi ni yeye, Mama Hamira, na alijua.

 Mama Hamira alijiandaa kutukanwa, na angelipokea tusi kama haki yake.

"Mimi nilijua ni mimi," Kidoti akasema. "Tangu siku ile, nikiwa kwenye siku zangu siushiki unga. Hata wa nyumbani kwangu. Na huyu alipovunja ungo mwezi uliopita, nimemkataza."

Hakuwa anagombana. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayekuonyesha mahali anapoweka chumvi yake. Mama Hamira alitamani Kidoti angempiga kofi. Akamtazama yule mtoto, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa haya, haya mpya kabisa, ya mwezi mmoja.

"Mwite huyo mtoto jikoni," akasema, akikunja mikono ya gauni. "Na unga uko wapi?"