Kutu kwenye Kikaango cha Lorene

Vernon Tackett aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumsahau mtoto hata mmoja. Hilo alilisema mara nyingi, pengine mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia, hasa pale kwa kinyozi siku za Jumatano. Alijua nani anashuka kwenye daraja la mbao, nani kwenye ghala jekundu, na nani asishushwe kabisa mpaka bibi yake atokeze kichwa mlangoni. Kumbukumbu yake ndiyo iliyokuwa fahari yake.

Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, alipofungua mashine ya kuoshea vyombo akakuta kikaango cha mkewe kimelazwa mle ndani kati ya sahani, chekundu kwa kutu kuanzia ukingoni hadi kwenye mpini, kilichomshika kwanza hakikuwa woga wa Lorene. Na Lorene ni mtu wa kuogopwa, msije mkadanganywa na sauti yake ya kanisani. Kilichomshika ni kwamba hakukumbuka kukitia mle.

Kikaango hicho kilikuwa cha bibi yake Lorene. Chuma kizito, cheusi ti, kilichokaanga kuku na kuoka mkate wa mahindi tangu kabla umeme haujafika bondeni kwao. Sabuni hakijawahi kuionja, maana sabuni huondoa lile gamba la mafuta yaliyokolea linalokikinga na kutu. Katika milima ile ya mashariki ya Tennessee, mtu anaweza kukusamehe ukimgongea mbwa wake kwa gari, lakini si ukimwoshea kikaango chake cha chuma. Unakifuta, unakipaka mafuta kidogo, unakirudisha jikoni, basi. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo, na Vernon alikuwa na sabini na mitatu.

Alivuta kiti akakaa. Sinki lilikuwa tupu. Meza imefutwa, taulo limekunjwa vizuri na kuning'inizwa. Hata bakuli la jirani yao Marcia, lile alilomletea Jumatatu likiwa limejaa tambi na kuku, lilikuwa mashineni limetakata. Lorene alikuwa Knoxville kwa binti yao Denise aliyejifungua, wiki ya pili sasa, na Vernon, kusema kweli, alikuwa ameacha vyombo vimrundikie mpaka aibu. Sasa vyote vimeoshwa, na yeye hana habari ameviosha lini.

Baba yake alianza vivyo hivyo. Kwanza funguo ndani ya kopo la sukari. Kisha buti ndani ya friji, wakacheka wote, yeye mwenyewe akiwamo. Mwishowe alimkaribisha Vernon mlangoni kwa heshima zote, akamwuliza kama amekuja kusoma mita ya umeme.

Vernon hakumwambia mtu. Denise alikwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba wazee wawili hawafai kukaa peke yao juu ya kilima, na Vernon hakutaka kumwongezea maneno. Jumamosi kulikuwa na gulio la vitu vya kale kwenye uwanja wa maonyesho, lile linaloleta wauzaji kutoka majimbo matano. Angetafuta kikaango pacha, akitundike mahali pake, na hiki akifukie nyuma ya banda. Lorene angerudi Jumapili na asione kitu. Na asipoona, Vernon alijiambia, ni kama haijatokea.

Mtu mzima kabisa, jamani, lakini hofu ikikushika unawaza kama mtoto.

Basi Jumamosi akakifunga kikaango kwenye gunia la chakula cha kuku, akakiweka kando yake kwenye pikapu ili apate cha kulinganishia, akaenda. Uwanja ulikuwa umefurika. Wanawake walivuta vigari vilivyojaa vitasa vya milango. Wanaume wawili walikuwa wakibishana juu ya benchi la kanisa. Watu waliokuja kutoka mjini walinunua kwa furaha ndoo zilizotoboka, za aina ile ile ambayo mama yake Vernon aliitupa. Kwenye meza moja aliona kopo la kubebea chakula kama alilokwenda nalo shule, limebandikwa karatasi inayosema ni la kale. Aliliangalia kwa muda, akajisikia vibaya.

Kijana mmoja mwenye ndevu alimwonyesha kikaango kinachong'aa.

"Hiki nimekipiga rangi, mzee. Unatundika ukutani, kinapendeza kweli."

"Na kupikia?"

"Kupikia? Hapana, mzee, ukipikia utakula rangi."

Vernon akamshukuru, akaendelea mbele. Safu ya mwisho, karibu na zizi la maonyesho ya ng'ombe, alimkuta mama mnene ameketi kwenye kiti cha kukunja, anakula sandwichi. Mbele yake juu ya mbao kulikuwa na vikaango zaidi ya arobaini. Kibao kilisema jina lake ni Odessa Crabtree.

"Natafuta kikaango cha saizi namba nane," Vernon alisema. "Kiwe na tuta la duara chini yake, na midomo miwili ya kumwagia mafuta. Na ukingo uwe umelika kidogo upande mmoja. Hapa."

"Umelika na nini?"

"Na kijiko. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Na mama yake pia."

Odessa aliacha kutafuna. "Mzee wangu, wewe hutafuti kikaango. Unatafuta shahidi wa uongo. Hebu lete huyo marehemu."

"Marehemu gani?"

"Huyo uliyemkumbatia kwenye gunia. Au umeniletea kuku?"

Vernon alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua gunia. Odessa alikitoa kikaango, akapuliza kutu, akapitisha ukucha.

"Mashine ya vyombo," alisema.

"Ndiyo."

"Loo! Maskini mtoto wa watu." Alikuwa anaongea na kikaango. Kisha akakining'iniza kwa kidole kimoja na kukigonga kwa kijiko. Kikalia, sauti ndefu safi, mpaka mtu wa meza ya jirani akageuka. "Umesikia? Kingekuwa na ufa kisingelia hivyo. Hiki kizima, baba. Kilichovuliwa ni nguo tu."

"Niuzie kingine kinachofanana."

"Sikuuzii."

"Pesa ninazo."

"Nami ninazo. Sikuuzii. Nenda nyumbani, changanya siki na maji nusu kwa nusu, kitie humo, lakini usikisahau mle. Kisugue kwa waya wa sufuria mpaka chuma kijionyeshe. Kikaushe jikoni. Halafu kipake mafuta ya nguruwe, kisha uyafute kana kwamba umeyapaka kwa bahati mbaya. Kigeuze kifudifudi kwenye oveni, moto mkali, saa nzima. Kikipoa, rudia. Mara tatu, mara nne. Ukipaka mafuta mengi kitanata, na hapo usinitaje jina."

Vernon alisikia mabega yake yakishuka. Alikuwa hajui kwamba ameyapandisha tangu Alhamisi.

"Kila gulio wananijia waume saba, wanane, na magunia yao," Odessa alisema. "Nikiwapanga foleni watafika getini."

"Na hao waume," Vernon aliuliza, sauti ikiwa chini, "wanakumbuka kukitia mashineni?"

Mama yule alimtazama. Utani ulimtoka usoni.

"Wewe hukumbuki?"

Vernon alitikisa kichwa.

"Mimi najua vikaango tu, mpenzi," alisema taratibu. "Lakini mwambie mkeo. Si habari ya kutu. Hiyo nyingine."

Siku ile na asubuhi ya Jumapili Vernon hakufanya kazi nyingine. Alisugua mpaka vidole vikamwuma. Oveni ilifuka moshi, akafungua madirisha yote, na kanisani hakwenda. Kikaango kilitoka cheusi, si weusi ule wa zamani, lakini cheusi, na ule ukingo uliolika na kijiko cha mkono wa kushoto ulikuwa pale pale. Alikitundika mahali pake. Mzigo mmoja ulikuwa umetua. Wa pili bado.

Lorene aliingia alasiri akiwa na begi na picha za mjukuu. Alisifu mtoto, akakagua vumbi, akafunga aproni apike mkate wa mahindi. Mkono wake ulipogusa kikaango, ukasimama.

"Vernon. Kikaango changu kimefanywa nini?"

Angeweza kusema lolote. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyafanyia mazoezi kwenye pikapu.

"Kaa, mke wangu," alisema. Akamweleza yote: mashine, kutu, gulio, yule mama na kijiko chake. Kisha akamalizia na lile lenyewe. "Sikumbuki kukitia mle, Lorene. Hata kuosha vyombo sikumbuki. Ni kama baba."

Lorene alikipa kikaango mgongo. Alimshika mkono, akaubana.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," alisema. "Mimi na wewe. Hata kama ni kama baba, utakuwa na mimi."

Wakati huo mlango wa nyuma ukagongwa, na kabla hawajaitika Marcia akaingia. Marcia ni mtu wa Chicago, alihamia kilimani mwaka jana, mwenye moyo mwema na haraka nyingi.

"Lorene! Umerudi! Nimefuata bakuli langu. Nilikuja Jumatano, mzee wako ameenda kunyolewa, mlango wazi kama kawaida yenu, nikaona vile vyombo, jamani! Nikasema ngoja nimsaidie. Nikaosha vyote. Na kile kikaango chenu cha chuma, samahani lakini kilikuwa kimeganda mafuta ya miaka mia. Nilikipitisha mashineni mara mbili!"

Lorene alisimama polepole, mwiko mkononi, uso unabadilika rangi.

Lakini Vernon alimtangulia. Alimkumbatia Marcia mpaka miguu yake ikaachana na sakafu, akambusu shavu hili na shavu hili, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mara mbili!" alisema. "Lorene, umesikia? Mara mbili! Ni yeye!"

"Nimesikia," Lorene alisema. "Mwachie huyo mwanamke, Vernon. Nataka kumuua."

"Ngoja kwanza," Vernon alisema, na hakumwachia.

Lorene aliwatazama, jirani aliyeshangaa na mume anayetetemeka mabega. Mwiko ukashuka. Alijifuta macho kwa pindo la aproni, akachukua mafuta ya nguruwe, akawasha jiko.

"Kaa chini, Marcia," alisema. "Utakula hapa. Na vyombo nitaosha mwenyewe."