Fundi Waya na Mtoto wa Jicho

Hospitali nzima ilimwita Fundi Waya; jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyehakikisha kompyuta za wodi, maabara na duka la dawa zinasikilizana.

Asubuhi moja majibu ya maabara yaligoma kufika wodi ya watoto. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa bintiye wa kwanza, naye akampigia simu.

"Baba, tangu saa moja tunakimbizana na makaratasi!"

"Tulia, mwanangu. Nakuja."

Alianzia kwenye ruta, mashine inayogawa mtandao; ilikuwa nzima. Akaifuata swichi ya wodini, kile kiboksi cha ukutani ambako nyaya zote hukutana. Taa zilikuwa zikikonyeza, isipokuwa ya kompyuta ya wauguzi. Akahamishia waya wake tundu jingine: giza lilelile. Akauchomoa, akaweka wa akiba. Taa ikawaka papo hapo.

Basi mgonjwa ni waya. Na waya ule aliuvalisha kichwa, kile kiplastiki cha kuchomekea, kwa mikono yake mwenyewe, jana jioni tu, kompyuta ikiwa imezimwa.

Akausogeza dirishani. Ndani ya kichwa mlijipanga nyuzi nane nyembamba, kila moja na rangi yake, lakini kwake bluu na kijani zilikuwa shilingi kwa ya pili. Hakushangaa. Tangu mwaka uliopita aliiona dunia kama kupitia chupa ya mafuta, akawa anabahatisha na kunyamaza.

"Hebu nisomee rangi, mama."

Binti aliinama, akazitaja moja moja. Alipofika ya nne, fundi akamkatiza.

"Kijani? Hapo pa bluu. Nimezibadilisha nafasi."

Binti aliacha kuutazama waya, akamtazama yeye.

"Baba, huoni?"

"Naona. Rangi ndizo zinanichenga." Akashusha pumzi. "Mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua," binti akamalizia. Akamshika mkono kama wanavyoshikwa watoto wa wodi ile, akampeleka kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Nimezaa watatu," fundi akasema. "Huyu wa nne sikumwomba."

Kwa mkuu wake alikwenda mwenyewe, akakiri kosa. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. "Kusaka hitilafu hakuna anayekufikia, mzee. Vichwa atavalisha mwenzako mpaka upone."

Walimpasua jicho moja kwanza. Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza mbele yake alikuwa binti yule. Alimkazia macho muda mrefu mpaka binti akaingiwa na hofu.

"Vipi, baba?"

"Kumbe una mvi!"

"Za siku nyingi hizo."

Akanyoosha mkono, akazigusa taratibu juu ya sikio lake. "Na mimi nilikuwa bado nakuona msichana," akasema.