Nilivyomtoa Bibi Mkubwa Kwenye Picha

Chuoni nilijulikana kwa kuuliza maswali hadi wahadhiri wakanikwepa. Lakini siku mwalimu wa upigaji picha aliposema, "Toa kila kisichohitajika," niliandika na kupigia mstari. Sikuuliza: kisichohitajika na nani?

Nilirudi nyumbani Msangano na kanuni hiyo. Wiki ileile dada yake bibi, tuliyemwita bibi mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaja kutusalimia. Wote wawili walikuwa wamechoka miguu, na safari ya kuvuka mpaka ilikuwa imeanza kuwa ndefu kwao.

"Tupige picha pamoja," bibi akaniambia. "Atakayetangulia, mwenzake abaki nayo."

Wakakaa mbele ya nyumba. Bibi akapanga miguuni beseni jekundu, sukari na sabuni alizoletewa, ionekane mgeni hakuja mikono mitupu. Nyuma yao kuku na nguo zilizoanikwa. Nikapiga moja, nikaitazama kwenye kamera. Fujo tupu. Nikaondoa beseni, nikafukuza kuku, nikaanua nguo. Bado. Vitenge vyao vya maua vilikuwa vinagombana.

"Bibi mkubwa, hebu sogea pembeni kidogo."

"He! Mume wangu ananiacha mchana kweupe!" Akacheka, akajikongoja hadi kivulini. "Haya, mpige huyo mke wako kipenzi."

Bibi peke yake, ukuta wa udongo, mwanga wa ubavuni. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Ile ya kwanza niliifuta palepale, maana niliona aibu hata kuwa nayo. Ya wawili nikaahidi kesho, nikishafikiria namna ya kuipanga. Alfajiri bibi mkubwa akapata usafiri, akaondoka.

Nilisafisha picha yangu Tunduma, kubwa, nikampelekea bibi. Aliitazama muda mrefu.

"Mbona nimekaa kama niliyefiwa?"

Nikaanza kumweleza habari za picha isiyojaa vitu, kwamba jicho linahitaji mahali pa kupumzika. Nilieleza vizuri sana.

Mvua za mwaka ule hazijakatika, habari ikaja kutoka Nakonde. Tukavuka. Msibani bibi alikaa mkekani, picha yangu mapajani, na kila aliyekuja kumpa pole alimwonyesha, kidole kikiwa juu ya ule ukuta mtupu.

"Hapa ndipo alipokaa dada yangu. Mjukuu alimwambia asogee."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anawaeleza tu. Wakainama mmoja mmoja, wakautazama ukuta, kisha wakanitazama mimi.