Skonzi za Mzee Oiva

Kijiji kizima kilijua kwamba Taimi hajui kuoka. Mumewe, Oiva, alioka mikate ya duka la ushirika kwa miaka thelathini na minne, lakini skonzi za Taimi ungeweza kufukuzia mbwa. Tulimcheka naye akacheka nasi. "Mganga hajigangi," alikuwa akisema, na tukiendelea kumchokoza anatumiminia kahawa nyingine.

Mimi naitwa Raili, jirani yao. Nilipeleka barua kijijini humu mpaka nikastaafu, ila ulimi wangu haujastaafu. Kwa hiyo Jumanne moja ya Novemba, Taimi aliponiita nikamsaidie kukanda unga wa skonzi za mdalasini, nilianza kumtania tangu mlangoni.

"Leo kulikoni? Unataka kumuua nani?"

Hakucheka. "Kesho saa tatu asubuhi anakuja binti kutoka ofisi ya wilaya. Anakuja kumpima Oiva."

Akili ya Oiva ilikuwa imeanza kumtoka miaka mitatu nyuma, na sasa wilaya ilitaka kuamua kama anafaa kuendelea kuishi kwake au apelekwe nyumba ya wazee, mjini Kajaani, kilomita tisini kutoka kwetu. Mama yake Oiva alifia katika nyumba ya namna hiyo, kitanda kikiwa kwenye korido kwa sababu vyumba vilijaa. Siku tuliyomzika, Taimi alimwapia mumewe palepale makaburini, mimi nikisikia, kwamba yeye hatampeleka kokote.

"Kwenye karatasi zao kuna swali," Taimi akasema. "Je, mzee anaweza kujiandalia kifungua kinywa? Raili, huyu hawezi hata kumenya kiazi. Lakini ukimpa trei ya skonzi zilizokwisha kuumuka, mikono yake inajua yenyewe."

Basi mpango ulikuwa huo. Tukande leo, tuviringishe, tukate, tupange kwenye trei, kisha tuziache usiku kucha kwenye kibaraza cha vioo, ambako baridi ingeuacha unga uumuke polepole. Asubuhi Oiva azipake yai na kuzitia kwenye oveni mbele ya mgeni.

"Huo ni ulaghai," nikasema, tena kwa furaha, maana watu wa wilaya siwapendi. "Lakini mbona tusimwache akande mwenyewe hiyo kesho? Binti atashangaa zaidi."

Taimi alimimina maziwa ya uvuguvugu kwenye bakuli, akavunjia hamira, akatia iliki, siagi na unga. Halafu akakunja mikono ya sweta, kwa sababu unga ule hunata na haukandwi kwa mikono iliyofunikwa. Ndipo nikaona. Kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko ngozi yake ilikuwa na alama za njano, za kijani, na nyingine za buluu ambazo hazikuwa na siku mbili.

"Taimi!"

"Kesho hakuna kukanda," akasema. "Kesho sweta halikunjwi."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Hajui kama ni mimi. Anadhani mwizi kaingia ndani. Sasa mtu akimpiga mwizi nyumbani kwake, utamlaumu?"

Taimi alikanda, akauacha unga uumuke, akaanza kuusukuma. Alikuwa anausukuma vibaya, kama kawaida yake, upande huu mnene na ule umechanika. Ndipo Oiva akaingia. Alikuwa amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi, na kazi zote hizo ni za Taimi.

"Huyu msichana kaajiriwa na nani?" akaniuliza.

"Ni Taimi, Oiva. Mkeo."

"Mke wangu hajui kuoka," akasema, na nakiri kwamba nilicheka.

Kicheko hakijaisha, akampokonya Taimi mti wa kusukumia unga na kumchapa nao vidoleni. Nilisikia mlio wa mti kwenye mifupa. Kisha, kwa upole ambao ulinitisha kuliko kipigo chenyewe, akausukuma unga yeye, akaupaka siagi, akanyunyiza sukari na mdalasini, akauviringisha, akakata vipande vyote sawasawa bila kupima. Taimi alikuwa ameweka mkono chini ya maji ya bomba, anamtazama.

"Unaona?" akaniambia. "Anaweza."

Asubuhi binti wa wilaya alikuja, jina lake Jonna, mpole, akavua viatu mlangoni akabaki na soksi za sufu. Oiva alipokea trei, akapaka yai, akanyunyiza sukari ya chembe kubwa, akaoka. Hakukosea hata kidogo. Nyumba ilinukia iliki na mdalasini hadi nje.

"Mzee wangu," Jonna akasema, mdomo umejaa, "tangu bibi yangu afe sijala kitu kama hiki."

"Kula mwanangu, umekonda," Oiva akamjibu.

Jonna aliandika, kisha akamgeukia Taimi. "Na wewe, mama? Unapata usingizi? Hivyo vidole vimefanya nini?"

"Nalala. Vilibanwa na mlango."

Jonna alivitazama vile vidole kwa muda. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ni jirani, unaingia humu kila siku. Kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

Taimi alinitazama. Alinikazia macho bila kupepesa, na mimi nilidhani najua anachoniomba.

"Wako salama," nikasema. "Wazee wote wangekuwa kama hawa, wewe ungekosa kazi."

Jonna alicheka, akachukua skonzi ya pili.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Nilimkuta Taimi amekaa kwenye ngazi za nje, kwenye theluji, bila koti, barua mapajani. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba. Nilisoma. Mzee anajimudu, atabaki nyumbani, hali yake itaangaliwa tena baada ya miezi kumi na miwili.

"Mwaka mzima, Raili," akasema.

"Si ndicho ulichotaka?"

Alinitazama kama siku ile Jonna aliponiuliza.

"Mimi ndiye niliyeapa," akasema. "Wewe hukumwapia mtu."