Kitufe cha kijani cha atelye yetu

Mimi ni mtu wa hasira za haraka. Mke wangu atakuthibitishia hata usipomuuliza. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba shefu mpya wa kutusimamia alipoingia atelye yetu, karakana ya mota pale Kolwezi, na kuvuruga kazi tuliyoizoea, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Kazi yetu ilikuwa kufufua mota za umeme zilizoungua kule migodini. Mmoja alitoa waya ulioungua, wa pili alisuka waya mpya wa shaba, wa tatu alipaka verni ya kukinga waya, wa nne alijaribu kama inazunguka. Mimi nilikuwa wa kutoa waya. Miaka minne nilitoa waya tu, kama mtu wa kunyonyoa kuku asiyeonja mchuzi hata siku moja. Mota ikigoma, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole, kisha tukaendelea kupiga soga.

Shefu yule akasema kuanzia leo kila mtu na mota yake, toka kutoa waya mpaka kuzunguka. Asiyejua kusuka atafundishwa na anayejua.

"Shefu, weye unatafuta kutuua," nilimwambia.

"Hapana," akasema. "Natafuta mujue kazi."

Halafu kila Jumatatu alitupa chaki. Wewe mwenyewe uliandika kwenye mlango wa chuma siku utakayomaliza; yeye hakukupangia. Siku ikifika, wote waliacha kazi wakaja kusimama, nawe ukafinya kitufe cha kijani. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, hata yeye. "Mwenye kumaliza njo mwenye kufinya," alisema. Mota ikizunguka, alikupa mkono mbele ya watu na kusema, "Bon. Enda ku nyumba." Hata kama ni saa nne asubuhi.

Usicheke. Siku zile kampuni ilikuwa inaporomoka. Posho ya unga ilikuwa imekatika, mshahara ulikuwa hadithi, na kila mtu alikuwa na kashamba kake ka mahindi nje ya mji. Nusu siku ya kulima ilikuwa kitu kikubwa. Lakini nikuambie ukweli, hata bila shamba ningekitaka kitufe kile. Nililala nikikiwaza, mtu mzima mwenye ndevu!

Mota yangu ya kwanza, kwa majivuno, niliandika Jumatano. Wenzangu wakaguna. Verni inataka kukauka mchana mzima na usiku wake, mimi nikaipa masaa matatu. Jumatano nikafinya, kifua mbele. Ikazunguka kidogo, ikatoa moshi. Ayi! Atelye nzima ilicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilijiandaa kutukanwa, na jibu la tusi nilikuwa nalo tayari mdomoni. Shefu alifuta Jumatano yangu kwa mkono wa koti lake, akanirudishia chaki.

"Andika tena. Na verni ikauke."

Basi, hayo tu. Nilitaka kumpiga, nikataka pia kumkumbatia.

Kisha zikaja siku za kufukuzana. Shefu alikuwa wa asili ya mkoa wa Kasai. Alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya wafanyakazi, Kasai hajawahi kuiona kwa macho, lakini makelele ya barabarani hayakuuliza hayo: warudi kwao! Mawe yakavunja madirisha yake. Asubuhi moja hakuja kazini. Alikuwa stesheni na mke wake na watoto, pamoja na mamia ya wengine, wakingoja treni ambayo haikuja, wiki baada ya wiki. Mimi, mtu wa hasira, siku hizo hasira yangu sijui ilijificha wapi. Nilinyamaza. Naona haya mpaka leo.

Akawekwa shefu mwingine, mtu wa kwetu. Akarudisha mambo ya zamani: wewe toa, wewe suka, wewe paka. Siku ya kumaliza alipanga yeye, kwa kufoka. Kitufe alifinya yeye. Tukarudia kupiga soga.

Jumatatu moja wafanyakazi wa stesheni wakaleta mota kwa mkokoteni. Ilikuwa ya pampu ya kisima chao. Imeungua, na watu wote wale kule hawana maji. Watoto walikuwa wameanza kuharisha. Shefu mpya akaitazama, akaisukuma pembeni kwa mguu.

"Hii haina haraka."

"Banywe maji ya kwabo," mmoja wetu akasema nyuma, wengine wakacheka.

Hapo hasira yangu ikarudi yote kwa mara moja. Niliokota chaki, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: ALHAMISI. Shefu akafuta. Nikaandika tena. Akafuta, nikaandika, mpaka akachoka. Akasema mota ikinishinda, nitamfuata huyo shefu wangu huko huko stesheni.

Nilitoa waya, nikaanza kusuka peke yangu. Jioni yule aliyesema wanywe ya kwao alikuja akashika ncha ya waya. Jumanne tukapaka verni. Jumatano nzima sikuigusa. Sijawahi kuteseka hivyo: watu wana kiu, nami nimekaa natazama verni ikikauka! Mara kumi mkono wangu uliinuka, mara kumi nikaukalia.

Alhamisi asubuhi tuliipeleka stesheni, tukaifunga kwenye pampu. Umeme wa bwawa la Nzilo, asante Mungu, ulikuwepo. Nilimkuta shefu wangu kati ya magodoro na masufuria, amekonda, ndevu zimemjaa. Nikamshika mkono kama baba yangu, nikampeleka mbele ya kitufe cha pampu.

"Finya, tata. Hii ni yako."

Akaweka mikono nyuma. "Verni ilikauka?"

"Ilikauka, tata. Muchana na usiku."

"Basi finya weye. Mwenye kumaliza njo mwenye kufinya."

Nikafinya. Mota ikanguruma, bomba likakohoa kutu, kisha maji yakaja, na akina mama wakapiga vigelegele wakikimbia na ndoo. Nililia, sioni aibu kusema. Shefu alisimama wima kama siku zile za atelye, akanipa mkono mbele ya watu wote.

"Bon," akasema. "Enda ku nyumba."

Kisha akachukua ndoo yake, akaenda kupanga foleni. Nami nikaenda. Mimi nilikuwa na nyumba.