Tulivyomimina Mvinyo wa Kifaransa Mwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chakula wala kinywaji. Mkuu wa Ukumbi, mama wa Kisukuma aliyeitwa Bi Leokadia, alinipa sinia lenye glasi zilizojaa maji, akaniambia nizunguke nalo bustani yote ya hoteli hadi kwenye mawe ya ziwani, kisha nirudi. Niliporudi aliutazama mkono wa shati langu uliolowa. "Rudia," alisema. Nikarudia mpaka kola nayo ikalowa kwa jasho. Nilikuwa kijana niliyeshuka melini kutoka Bukoba, na hoteli bado ilikuwa mali ya shirika la umma.

Ninyi mnaosomea kazi za hoteli vyuoni mmeniomba niwaeleze kazi hii ilikuwaje enzi zetu. Ilikuwa kazi nzuri. Mwisho wake ndio ulikuwa mbaya.

Bosi wetu wa kwanza alikuwa Ndugu Meneja. Wakati ule sote tulikuwa ndugu, kuanzia yeye hadi mfua mashuka. Bia ilikuja kwa mgao, na mvinyo tulioujua ni ule wa Dodoma, uliotolewa viongozi walipopita. Nilijifunza kwamba chakula huletwa upande wa kushoto wa mgeni na kinywaji upande wa kulia, na kwamba mhudumu mzuri hasikiki anapokuja. Nikahamishiwa Magu, kwenye nyumba ya wageni ya maofisa wa pamba, nikakaa huko misimu kadhaa. Niliporudi Mwanza nikapewa cheo cha mtunza vinywaji, yaani mwenye funguo za stoo na jukumu la kila chupa inayofika mezani. Bi Leokadia alikuwa bado pale pale. Mume wake alikuwa amekufa, na nyumbani kwake Butimba alikuwa akilea watoto wa dada yake, ambaye naye alikuwa ameondoka kwa ugonjwa wa miaka ile.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Hoteli ikauzwa, Ndugu Meneja akapewa mkono wa kwaheri, na tukaanza kusema "bosi". Mmiliki mpya wa hoteli, tuliyemwita Mkurugenzi, alikuwa pia na hisa katika kiwanda cha samaki. Ndege zilikuwa zikipakia minofu ya sangara kwenda Ulaya, na wanunuzi wa minofu hiyo walilala kwetu. Walitaka kumla sangara na mvinyo mweupe. Basi Mkurugenzi akaingia mkataba na shamba moja la mizabibu la Ufaransa, shamba la heshima, la ukoo mmoja tangu enzi za mababu. Chupa zikaanza kushuka katika ndege zile zile zilizokuja kuchukua samaki.

Pamoja nazo alikuja mwakilishi wa shamba, mwanamke wa makamo tuliyemwita Madamu. Alizungumza Kiswahili alichokiokota Bujumbura. Alikuja kila mara mvinyo mpya ulipotoka, na ndiye aliyetufundisha, mimi na Bi Leokadia, kwamba kila chupa huandikwa mwaka zabibu zake zilipovunwa, kwa maana mvua na jua la mwaka huo humo humo hubaki. Alitufundisha kukizungusha kinywaji ndani ya glasi ili kitoe harufu, na kuishika glasi kwenye shina lake, kwa sababu joto la kiganja hukiharibu kinywaji.

"Wewe usimeze haraka," aliniambia siku moja. "Niambie, wewe unakumbuka nini?"

"Majani yaliyolowa," nilisema. "Na ndimu."

Bi Leokadia alifumba macho. "Mimi nakumbuka lile jiwe la ziwani ninapofulia. Likipata jua baada ya mvua."

Madamu akacheka kwa furaha. "Sisi pia nasema jiwe! Udongo ya shamba yetu ni mawe tupu."

Tangu siku hiyo Bi Leokadia aliipenda kazi ile kwa namna mpya. Nilimwona akinusa majani ya chai, akinusa maembe sokoni, akitafuta maneno.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, Madamu alileta aina tatu za mvinyo mweupe wa mavuno mapya: mkavu, mwingine uliolazwa kwenye mapipa ya mwaloni, na wa mwisho mtamu wa kumalizia mlo. Alituambia kwamba baridi kali iliunguza machipukizi ya mizabibu yao, na kidogo kilichosalia kikatoa mvinyo bora kuliko walivyotegemea. Mkurugenzi akapanga karamu ya mchana kwa wabia wake kutoka Ulaya. Tayari uvumi ulikuwa umeenea kwamba hoteli ina hali mbaya. Alituita ukumbini, akasema, "Karamu hii ikifana, kila kitu kitakaa sawa. Sitaki aibu." Tukaelewa kwamba ikifana, kazi zetu zitasalimika. Mtoto mkubwa wa marehemu dada yake Bi Leokadia, msichana, alikuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari.

Umeme ulikuwa wa mgao, na friji zetu zilikuwa vuguvugu. Tukaagiza barafu kutoka kiwanda cha samaki. Bi Leokadia aliifunika kwa karatasi za nailoni, akazilaza chupa juu yake ili zisishike shombo, na kila baada ya muda alizishika kwa mgongo wa mkono. Zikiwa moto mvinyo hulegea, zikizidi baridi harufu hulala. Watu walipoketi, zilikuwa kama alivyotaka Madamu.

Sijawahi kuona mlo ukienda vizuri vile. Mvinyo mkavu ulipomiminwa, wageni waliunusa, kisha wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika wakiambiana maneno. Ule wa pipa uliwafanya waitishe samaki tena. Bi Leokadia alipita nyuma yao kama kivuli. Tulipokutana kwenye meza ya pembeni alinong'ona, "Deo, tumepona."

Mvinyo mtamu ulipofika, Mkurugenzi alisimama kuzungumza kwa Kiingereza. Aliwashukuru wabia wake. Akasema makubaliano yamekamilika: mwisho wa mwezi hoteli itafungwa, na majengo yatageuzwa kuwa ofisi na vyumba vya baridi vya kiwanda. Akaomba glasi zijazwe ili wanywe kwa ajili ya mradi mpya. Wakapiga makofi.

Kiingereza cha Bi Leokadia kilikuwa kidogo. "Amesema nini?"

"Baadaye, mama."

"Deo. Amesema nini?"

"Wanafunga. Mwisho wa mwezi."

Alisimama akitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake. Kisha akachukua chupa, akaenda. Akammiminia kila mmoja kutoka kulia, akiizungusha shingo ya chupa kila mara ili tone lisidondoke. Alipofika kwa Mkurugenzi, bosi akamwambia kwa Kiswahili, "Asante mama. Leo mmefanya kazi nzuri sana."

"Karibu, bosi," alijibu.

Madamu alitufuata jikoni akilia. "Mimi hapana jua. Naapa."

Bi Leokadia alikuwa akisuuza glasi. "Mvinyo wenu ni mzuri, Madamu," alisema. "Wasalimie nyumbani."

Wote walipunguzwa, nikabakizwa mimi peke yangu kuwahudumia wakubwa wa kiwanda. Nilimimina mvinyo katika ukumbi uliotobolewa kuta kupitisha mabomba ya baridi. Baadaye Ulaya ikakataa samaki wa ziwa letu, ndege zikapungua, nami nikaondolewa. Nikamalizia kazi mapokezi, katika gesti ambayo wateja wake hunywea bia chupani. Nikastaafu hapo. Hakuna aliyewahi tena kuniuliza ninakumbuka nini.

Bi Leokadia alihamia Kisesa akauza vitumbua kando ya barabara. Yule msichana hakumaliza sekondari. Nilikuwa nikipita kumsalimia Bi Leokadia. "Shikamoo mama." "Marahaba, Deo. Kaa." Hatukuwahi kuuzungumzia mchana ule.

Alifariki msimu wa mvua uliopita. Makaburini ulisomwa wasifu wake: alizaliwa, aliolewa, alikuwa mchuuzi wa vitumbua, alikuwa mwanajumuiya mwaminifu. Msomaji akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Nikasema, "Marehemu alikuwa Mkuu wa Ukumbi."

Watu waligeuka. Mzee mmoja mbele yangu akauliza kwa upole, "Ukumbi upi, ndugu?"

Nikaanza kueleza, lakini wanaume walikuwa wameshashika makoleo.